Kikohozi cha Mstari wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili pamoja na masharti yake. "Mambo ya shule andika humu," amesema, "mimi nina nguo za watu za kushona." Yeye ni fundi cherehani, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa nikimsimulia shule nzima huku cherehani ikinguruma, nikiamini kwamba ananisikiliza. Leo amekiri kuwa huwa anaitikia kwa kufuata pedali. Mshono ukifika mwisho anasema "ehee", akikata uzi anasema "kumbe". Na mimi nilikuwa naridhika kabisa.

Basi, daftari, itikia wewe.

Habari ya leo ni kwamba nimepewa muziki. Mwalimu wa muziki amekwenda kujifungua, na Mwalimu Mkuu, mwanamke wa maneno machache ambaye miwani yake hata ikiwa mezani peke yake bado inanitazama, ameniita ofisini.

"Muziki ni kuhesabu," alisema. "Wewe ni mwalimu wa hesabu. Chukua darasa la tatu, Jumanne na Alhamisi."

Nikamwambia sauti yangu ni ya mlango ambao haujawahi kuona mafuta.

"Hakuna atakayekukagua sauti. Ni muhula huu tu. Muhula ujao kipindi hicho kinakuwa cha kusoma."

Akarudi kwenye karatasi zake. Kwa maneno mengine, nimekabidhiwa mgonjwa nimuuguze mpaka akate roho.

Jumanne, 5 Machi

Urithi niliouachiwa: ngoma moja kubwa, kikapu cha vikopo vyenye kokoto ndani, filimbi moja ambayo nimeinusa na sitaiweka mdomoni, na wimbo. Mwalimu wa muziki aliutunga mwenyewe kabla ya kuondoka na kuuandika kwenye kadi kwa herufi kubwa, kana kwamba alijua utaangukia mikononi mwa nani.

Pua ni moja, macho ni mawili,
Vidole vitano, mkono kamili,
Piga makofi, nyumba isikie,
Aliye mbali naye aitikie.

Mistari miwili ya kwanza iko chini, naimudu. Wa tatu unapanda ghafla hadi mahali ambapo sauti yangu haijawahi kufika hata kwa bahati mbaya. Chaki nayo imeniachia kikohozi kidogo kikavu ambacho nimekizoea kama mtu anavyozoea mpangaji. Kwa hiyo nikifika hapo nageukia ubao, naweka kiganja mdomoni, nasafisha koo kistaarabu, nageuka tena, naruka.

Darasa lina watoto wa kila aina. Kuna mvulana tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Na kwenye dawati la mbele kabisa, chini ya pua ya mwalimu, kuna msichana ambaye ofisi nzima ya walimu inamwita Kisiki. Ukimwita haitiki. Ukimuuliza swali anakutazama mdomoni kama anahesabu meno yako. Ukimwambia kaa, anasimama. Amewekwa mbele ili akose pa kujificha. Leo wenzake waliimba, yeye alipiga makofi tu, na dole gumba la mguu wake wa kulia likipigapiga mbao za jukwaa dogo nilipoweka ngoma. Alikuwa amevua kiatu. Nikamwambia avae. Hakuvaa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeimba. Mlinzi wa getini amekuja mlangoni kuuliza kama kuna mtu anahitaji msaada.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua zimeanza. Mabati ya darasa la tatu hayana dari, kwa hiyo ikinyesha tunakuwa kama tumo ndani ya kimoja cha vile vikopo vya kokoto.

Jambo la kuchekesha limetokea bombani. Nimewafundisha kuimba kwa makundi mawili: hawa wanaanza, wale wanasubiri mstari mzima ndipo waingie. Siku ya kwanza kundi la pili liliwadaka wenzao shingoni kila neno, maana kusubiri hawajawahi kufundishwa na mtu, wameambiwa tu "subirini". Leo mapumzikoni, pale bombani ambapo kila siku napatanisha vita, nimekuta foleni. Anayekunywa anakunywa kwa muda wa mstari mmoja wa wimbo, wenzake wanampigia makofi, mstari ukiisha anaondoka hata kama maji yamo shavuni. Redio ndiye alikuwa polisi.

"Nani kawapangia hivi?" nikauliza.

"Wimbo, mwalimu."

Nilirudi ofisini nikamsimulia mwalimu wa kusoma, yule tunayemwita Mama Silabi, mwembamba, mkali, ambaye nadhani hata akiota anaota kwa herufi kubwa. Aliendelea kusahihisha madaftari. "Kunywa maji wanajua," alisema. "Kusoma je?"

Mama huyu anaweza kukausha bomba lenyewe.

Jumanne, 19 Machi

Leo mvua ilishuka katikati ya kipindi kwa nguvu ambayo hata mimi sikujisikia, na hiyo ilikuwa baraka kwa wote. Nikaamua tusipoteze muda. Nikaacha mdomo, nikatumia mikono: kiganja juu, pigeni, kiganja chini, nyamazeni, vidole viwili, pigeni mara mbili. Darasa lilipotea. Wanatazamana, wanauliza "anasema nini?", wanagongana.

Kisiki hakupotea. Alikuwa na mimi kila pigo, hakukosea hata moja, mpaka nikamwita kwa mkono aje jukwaani aongoze badala yangu. Alikuja. Kisiki, ambaye hatikisiki hata kwa winchi, alikuja mbio. Akaongoza darasa zima chini ya yale makelele, mgongo umenyooka, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ana pengo la meno mbele, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa amecheka.

Mvua ikakatika. Nikamwambia, "Vizuri sana, mama, rudi ukae." Akaendelea kusimama akinitazama mdomoni, na ile sura ya kisiki ikarudi.

Sielewi mtoto anayekuwa hodari mvua ikinyesha na mkaidi ikikatika.

Alhamisi, 21 Machi

Kikao cha walimu. Mkuu ametangaza mawili. La kwanza: mtoto yeyote wa darasa la tatu ambaye hatakuwa anasoma sentensi nzima ifikapo mwisho wa muhula atarudishwa darasa la pili. La pili: kuanzia wiki ya pili ya Aprili, wazito wa kusoma watatolewa kwenye muziki wakae na Mama Silabi barazani.

"Kisiki wa kwanza," alisema Mama Silabi.

Wote tuliitikia kwa kichwa, mimi nikiwamo. Kisha nikakumbuka lile pengo la meno, nikanyoosha mkono. "Huyo mniachie. Kwenye muziki anafanya vizuri."

"Anaimba?" Mkuu akauliza.

"Hapana."

"Anafanya nini?"

"Anapiga makofi."

Wenzangu walicheka kwa heshima ya umri wangu. Nikakaa.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Mafua. Redio ameelewa nusu na robo kwa kupiga pigo moja, kisha kuligawa mara mbili, kisha mara nne. Nimekuwa nikimwelekeza hilo kwa chaki tangu mwaka jana. Sipendi kuamini kitu ambacho sikukifundisha mwenyewe, lakini nimeanza.

Alhamisi, 28 Machi

Sauti imekwisha kabisa. Mke wangu anasema majirani wamepumzika.

Nikakaa kwenye ngoma nikiwatazama, nikawaonyesha kwa ishara: mimi napiga, nyinyi imbeni. Wakaimba. Mstari wa kwanza safi. Wa pili safi. Kisha, kwenye pigo moja, kama askari wa gwaride, darasa zima likaweka viganja midomoni likafanya "kh-hm", na hapo ndipo likaruka juu kwenye mstari wa tatu.

Mkono wangu uliganda hewani. Nikawaashiria warudie. Pua, macho, vidole, mkono kamili, kh-hm, piga makofi.

Kumbe wiki zote hizi nimewafundisha wimbo wenye kikohozi. Walikuwa wakikohoa na mimi kila siku, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nakohoa, sikuwasikia. Nilicheka bila sauti mpaka machozi.

Ni mmoja tu aliyeharibu gwaride. Kisiki. Wenzake walipokuwa wanakohoa nyuma yake, yeye aliendelea moja kwa moja na makofi ya mstari wa tatu, peke yake, pa! pa!, mbele ya wote. Darasa likamcheka. Akageuka kuwatazama, akanitazama mimi, hajui alichokosea.

Nikajisemea: angalau mmoja ana adabu.

Ijumaa, 29 Machi

Naandika haya mchana, chakula kinapoa.

Nimerudi nikaketi nyuma ya mke wangu kama kawaida, sauti ikiwa imeanza kurudi, nikamsimulia kioja cha jana. Cherehani ikinguruma. Nilipofika pale pa watoto kukohoa, mshono wake ukafika mwisho, akasema "ehee". Akakata uzi, akasema "kumbe".

Nikamtazama kisogo. Mwanamke huyu haniitikii mimi, anaitikia pedali.

Na yule mtoto.

Mimi nikikohoa nageukia ubao, kiganja mdomoni. Asiyesikia hicho kikohozi hawezi kukiona. Wenzake wako nyuma yake, hawezi kuwaona. Kwake wimbo huu hauna kikohozi kwa sababu hakijawahi kumfikia. Anafuata ngoma kwa kidole cha mguu. Anafuata maneno kwa meno yangu. Mvua ikinyesha sisi sote tunakuwa kama yeye, na yeye ana uzoefu kutushinda.

Nilisimama ghafla, kiti kikaanguka. Mke wangu akasimamisha cherehani. "Kuna nini?"

"Hasikii," nikasema. "Si mkaidi. Hasikii."

Akavua kidoleni tondoo, ile kofia ya kushonea, akageuza kiti chote kunitazama. "Haya, anza upya," alisema. "Mwanzo kabisa."

Katika daftari hili sitamwita tena lile jina.

Jumanne, 2 Aprili

Mchezo: kila mtu afumbe macho, akisikia kopo la kokoto anyooshe mkono. Nikatembea kati ya madawati nikilitikisa. Mikono ikapanda kama majani. Wake haukupanda. Nikasimama nyuma yake karibu kabisa, nikatikisa taratibu. Hakuna. Nikatikisa kwa nguvu. Akainua mkono nusu, kama mtu asiye na hakika. Nikarudi jukwaani, nikapiga ngoma. Mkono wake ulikuwa wa kwanza.

Jumatano, 3 Aprili

Nimekwenda kwa Mkuu.

"Unataka mtoto apelekwe hospitali ya masikio," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa sababu hakukohoa."

"Kwa sababu hakukohoa."

Akavua miwani. "Mwalimu. Darasa zima limekohoa, na unayetaka apelekwe hospitali ni yule ambaye hakukohoa."

Ukiliweka hivyo, nakubali, linanuka upumbavu. Nikamweleza ubao, kiganja, ngoma, mvua, kopo. Alisikiliza. Lazima niandike ukweli: alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. "Mwite mzazi," akasema. "Mpango wa barazani na wa darasa la pili uko palepale. Siwezi kubadili ratiba kwa kikohozi."

Ijumaa, 5 Aprili

Mama yake amekuja. Ni msusi, ana saluni barabara ya pili kutoka shuleni. Mwanamke mwenye sauti ya kutosha viwanja viwili.

"Mwanangu si kiziwi, mwalimu. Kwangu anasikia vizuri sana. Namtuma, anakwenda. Namwita, anakuja."

"Labda tungempima tu, mama. Kupima hakuumi."

"Ana kiburi cha babu yake, basi. Hata babu yake aliitwa kila jina. Leo kiziwi, kesho mtaniambia ni zezeta, kesho kutwa mnamfukuza." Akanyanyuka. "Wewe si mwalimu wa hesabu? Mfundishe hesabu."

Aliondoka huku anamshika mtoto mkono, na mtoto akigeuka kunitazama mdomoni, akisubiri niseme kitu.

Jumanne, 9 Aprili

Mama Silabi amekuja kuwachukua wazito. Dawati la mbele tupu. Kidole cha mguu sikukiona, na nikapoteza mapigo mara mbili.

Jumamosi, 13 Aprili

"Unaenda wapi na shati la ndoa?" mke wangu aliuliza.

"Saluni."

Akakitazama kipara changu kwa huruma nyingi. "Watakuanzia wapi?"

Hata wao hawakujua. Nilipoingia wateja waligeuka, halafu mmoja akasema, "Shikamoo baba, umepotea njia?" wakaangua kicheko. Nikasema marahaba, nimekuja kusuka. Angalau wakanipa kiti.

Na nilipokaa pale nikaelewa. Mashine tatu za kukaushia nywele zinavuma. Sauti ya redio iko juu. Feni inagonga. Humo ndani hakuna mtu anayezungumza, watu wanapiga kelele tu. "LETE KITANA!" "TAULO IKO WAPI?" Mtoto anafagia nywele sakafuni, mama anapaza sauti, mtoto anakuja. Kwangu anasikia vizuri, alisema, na hakunidanganya. Hapo mtu yeyote angesikia.

Nilisubiri mpaka amemaliza kichwa alichokishika. Kisha nikamwomba jambo moja tu, nikamwahidi nikikosea sitarudi tena. "Zima mashine zote. Zima redio na feni. Halafu mwambie kitu anachokipenda, kwa sauti ya kawaida, wakati amekupa mgongo."

"Mwalimu, nina wateja."

"Mzimie tu, dada," akasema yule aliyenitania, kichwa chake kikiwa nusu kimesukwa. "Tumwone akishindwa."

Wakazima. Saluni ikanyamaza mpaka ufagio ukasikika ukikwaruza sakafu. Mama yake akacheka kidogo, akasema kama mtu asiye na wasiwasi, "Mama, njoo unywe soda."

Ufagio ukaendelea.

"Mama. Soda."

Ukaendelea. Akakusanya nywele vizuri, akainama, akaokota kibanio, akakipangusa kwenye sketi.

Mara ya tatu mama yake hakuita kwa sauti ya kawaida. Aliita jina ambalo nadhani ni la nyumbani, la utotoni, kwa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo. Mtoto akaendelea kufagia kuelekea mlangoni.

Mama yake akaweka kitana chini. Akaenda akapiga magoti mbele ya yule mtoto, akamgeuza uso kwa mikono miwili, na mtoto akamtazama mdomoni akisubiri kutumwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Wamerudi kutoka kwa daktari wa masikio. Mama yake alikuja ofisini mwenyewe kutueleza, kwa sauti ya chini, akishindwa kuizoea. Maji yamekaa nyuma ya ngoma za masikio kwa muda mrefu, pengine tangu alipougua akiwa mdogo. Wataingiza kijibomba kidogo kila upande ili yatoke. La kulia lina matumaini makubwa, la kushoto litakwenda polepole. Asiketi tena akimpa mwalimu sikio la kushoto.

Alipoondoka, Mama Silabi alibaki akitazama dirisha.

"Nimekuwa nikimkalisha kulia kwangu, sikio la kushoto," alisema. "Kila mapumziko."

"Mapumziko yapi?"

Ndipo nikajua. Tangu mwaka ulipoanza amekuwa akikosa chai yake ya saa nne kukaa na yule mtoto barazani, wao wawili, bila kumwambia mtu. Mimi nilidhani hanywi chai kwa sababu ya ubahili.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Ametibiwa, yuko nyumbani anapumzika. Watoto wanaimba na kikohozi chao. Nimejaribu kukitoa.

"Mwalimu, ukikitoa," alisema Redio, "wimbo unakuwa na shimo."

Jumanne, 7 Mei

Amerudi. Ameketi mbele, kushoto, sikio la kulia kwangu. Mabati yalipoanza kulia aliziba masikio kwa mikono akatazama juu kwa hasira, kama mtu aliyehamia nyumba mpya akakutana na majirani.

Alhamisi, 9 Mei

"Mwalimu," aliniambia leo. Aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa. "Kumbe viatu vyako vinalia."

"Vinalia tangu lini?"

"Mimi nimevisikia leo."

"Tangu zamani," akadakia Redio. "Ndiyo maana tunakuita Bata."

Hilo sikuwa nikilijua. Nimeandika hapa ili mke wangu asilisikie kwa mtu mwingine.

Jumanne, 14 Mei

Nimekwenda kwa Mkuu tena, sikukaa hata kwenye kiti. Nikamwambia: masikio yamefunguka, lakini maneno amekosa miaka. Silabi anazijua zote kwa macho, Mama Silabi amehakikisha. Hajui tu zinavyotembea zikishikana. Hilo halifundishwi kwa kukaa kimya barazani. Mrudishe kwenye muziki, na Mama Silabi aje naye.

"Mmekubaliana?" aliuliza, maana anatujua.

"Hajui bado."

Kumbe Mama Silabi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. "Nipewe kopo," alisema, "filimbi hiyo siigusi."

Mkuu akasema wazito wote warudi, basi leo tulikuwa wawili. Yeye anaandika neno ubaoni, mimi napiga ngoma, pigo kwa kila silabi, na moja zito pale neno linapoinama kabla ya kuisha. Me-za. Ka-ra-ta-si. Wale wazito wote wanapiga makofi na kusema. Mtoto wetu alivua kiatu. Safari hii sikumwambia avae. Alisoma "karatasi" mara moja bila kukatika, akashtuka, akalisoma tena kuhakikisha kwamba ni yeye.

Mama Silabi alitikisa kopo peke yake, nje ya pigo kabisa. Hana mdundo hata kidogo, maskini. Nimefurahi sana.

Jumanne, 21 Mei

Maneno mengi. Sentensi bado inamkata katikati. Kwenye wimbo sasa anaimba, kwa sauti yenye kukwaruza kama yangu, masikini mtoto, amejifunzia pabaya. Kwenye kikohozi bado anapita moja kwa moja.

Alhamisi, 23 Mei

Mkuu ameingia kipindini bila taarifa, akaketi dawati la nyuma, magoti yakimgonga kidevu. Nilidhani anahesabu makosa. Nilipopita nyuma kugawa vikopo niliona chini ya dawati kiatu chake kinapiga.

Jumatano, 29 Mei

Siku ya mtihani wa kusoma. Mimi na Mama Silabi tulisimama nje ya dirisha la ofisi kama wezi wa kuku. Mama yake mtoto alikuwa upande wa pili wa mlango, aproni ya saluni bado kiunoni.

Mkuu alichagua kitabu ambacho hawajawahi kukisoma. Hakumwonea huruma, na hilo ninampongeza. Mtoto akakishika. Nje mvua ilikuwa nyepesi. Nikaona mkono wake wa kushoto ukishuka kwenye paja, kidole kikaanza.

"Baba... amefunga... mlango..." Kidole kikapiga, kikapiga tena bila neno. "Kwa sa... kwa sa..." Mama Silabi alinishika kiwiko, kucha zikaingia. Kidole kikarudi mwanzo wa mstari, taratibu, kikaja na mwendo wake kama mtu anayekimbia kabla ya kuruka mtaro. "Baba amefunga mlango kwa sababu mvua inanyesha."

"Kwa nini amefunga?" Mkuu akauliza.

"Kwa sababu ya kelele."

"Kelele gani? Kitabu hakisemi kelele."

"Ya mabati," mtoto alisema. "Mvua ikipiga mabati humsikii mtu. Na yeye alitaka kumsikia mtu."

Mkuu akavua miwani, akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Kisha akasema kwa sauti ya kufika dirishani, "Nyinyi mlioko hapo nje. Mtoto arudi darasani kwake."

"Lipi?" nikauliza.

"La tatu, mwalimu. Ana lingine?"

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya wazazi, kufunga muhula. Shati la ndoa tena. Mke wangu alikuja, kwanza kabisa, akaketi mstari wa mbele mikono mapajani, hakuna pedali karibu. "Leo nasikiliza kwa masikio," alinionya.

Nilikuwa nimejiapiza: kikohozi leo hapana. Nilifyonza peremende tatu. Niliwaomba watoto kwa upole, nikawaomba kwa ukali, nikawaahidi peremende zilizobaki. Waliniitikia "ndiyo mwalimu" kwa pamoja, na kwa nyuso zao nikajua nimekwisha.

Nikainua mikono. Ngoma alipiga Redio. Pua ni moja, macho ni mawili. Wazazi wakatabasamu. Vidole vitano, mkono kamili. Nikafunga mdomo kwa nguvu zote, nikasimama wima mbele yao, sikugeuka, sikukohoa.

Darasa zima likaweka viganja midomoni: kh-hm.

Ukumbi ukacheka. Mimi sikuwatazama wao. Nilikuwa nikimtazama yeye, mwisho wa mstari wa mbele, mikono yake tayari imeinuliwa kwa makofi kama kila siku. Ikabaki hewani. Kichwa kikainama kidogo upande wa kulia, kuelekea wenzake. Kiganja kimoja kikapanda mdomoni, na akakohoa, akiwa amechelewa, peke yake, kwa sauti kubwa ya saluni, akinitazama machoni kwa mara ya kwanza badala ya mdomoni. Kisha wote wakaruka juu, piga makofi, nyumba isikie, na mama yake kule nyuma hakuweza kupiga makofi, alikuwa ameziba uso kwa aproni.

Baadaye, viti vikikunjwa, Mkuu alinifikia.

"Kile kikohozi," alisema. "Kimo kwenye mtaala?"

"Kimo."

Akatazama ratiba ya muhula ujao aliyokuwa ameishika, akachomoa kalamu, akafuta neno "Kusoma" mahali pawili, Jumanne na Alhamisi.

"Basi kibaki," akasema.